Sikio la Kushoto

Jirani yetu mmoja tulimwita Mzee wa Masikio, ingawa uzee wenyewe alikuwa bado hajaufikia. Kazi yake watu waliicheka mpaka walipojua kwamba inamlisha. Aliletewa visikizi vya masikioni visivyo na waya, akavivaa, akasikiliza, kisha akaandika kama vinafaa: besi ni nzito au inavuma ovyo, mpira unaumiza sikio au unakaa vizuri, chaji inadumu au inakimbia. Duka lililomtuma liliyaweka maoni yake mtandaoni, na watu walinunua kwa kuliamini neno lake.

Siri yake aliijua mkewe peke yake. Sikio la kushoto la bwana huyu lilikuwa limekufa tangu utotoni. Ungeweza kugonga sufuria kando yake asipepese jicho. Basi kazi ile waliifanya wawili. Mume alivaa cha kulia, mke akavaa cha kushoto, wakaketi kwenye kochi bega kwa bega.

"Unanisikia?" mume angeanza, kila mara hivyo hivyo.

"Nakusikia, mume wangu. Ila sauti imekuwa nyembamba, utadhani mtu yumo ndani ya kopo."

Naye anaandika: sauti nyembamba. Mkono mmoja haulei mwana, na sikio moja halikuitosha kazi ile.

Mke alifariki mchana kweupe. Aliteleza bafuni, akaita. Aliita mara tatu, na mama wa nyumba ya pili alimsikia kupitia ukuta. Mume alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka pale, ameziba sikio lake zima, la kulia, kwa kisikizi kipya akipima namna kinavyozima kelele. Mama yule alipousukuma mlango alimkuta anaandika, tena kwa furaha: "Vinazima kila kitu."

Baada ya mazishi alikonda, akawa hatulii. Anakaa, anasimama, anafungua bafu, anafunga. Dada yake akahamia pale ili walau ale. Kazi nayo haikungoja msiba. Bosi wa duka alipiga simu akasema, "Pole sana ndugu yangu, lakini jozi niliyokutumia ikichelewa nitampa mtu mwingine." Bila kazi ile hakuwa na nyingine, na bila mkewe hakuwa na sikio la kuifanyia.

Basi siku moja, baada ya chakula cha mchana, akakifungua kikasha. Cha kulia akakivaa. Cha kushoto, kwa mazoea tu, akakiweka kwenye mto wa kochi pembeni yake, pale alipokuwa akiketi marehemu.

Jozi ile ilikuwa na akili. Ilijua imevaliwa au haijavaliwa, na simu ikamwandikia: Kulia: sikioni. Kushoto: nje.

Vizuri. Mpira laini, hausumbui. Besi imetulia. Akabonyeza pa kuzima kelele. Feni ikapotea. Vyombo alivyokuwa akiosha dada yake jikoni vikapotea. Akatazama simu ili aandike.

Kushoto: sikioni.

Akageuka. Kisikizi kilikuwa palepale kwenye mto. Akakiokota akifute, labda kina vumbi. Kilikuwa na joto, kama kimetolewa sikioni mwa mtu sasa hivi. Akakirudisha upesi. Simu ikaandika: nje.

"Mashine nazo huchoka," alijisemea.

Ilibaki kupima kinasa sauti. Akabonyeza, akasema yale aliyoyasema miaka yote bila kufikiri: "Unanisikia?" Akangoja kidogo. Akazima. Akasikiliza alichorekodi.

Sauti yake mwenyewe ilitoka safi. Kisha kimya. Kisha, polepole, sauti nyembamba:

"Mimi nakusikia. Wewe je?"

Alimwita dada yake. Dada akaja, mikono ina povu, akakivaa kile cha kulia. Uso ukambadilika.

"Kaka," alinong'ona, "ukiitwa, usiitike."

"Umesikia nini?"

"Nimesema usiitike."

Kaka akavirudisha vyote viwili kwenye kikasha. Akakifunga. Sikioni hakukuwa na kitu tena. Dada akarudi jikoni. Feni ilizunguka.

Ndipo akaitwa.

Upande wa kushoto. Ndani ya sikio lililokufa.

"Mume wangu."

Akashika kochi.

"Mume wangu!"

Karibu zaidi. Sauti ya mtu aliye chini, sakafuni. Aliogopa, aliogopa mno. Lakini alijua kwamba mwito wa tatu ukipita tena bila jibu, hataweza kuishi nayo.

"Mume wangu!"

"Naam," akasema, machozi yakimtiririka. "Naam, mke wangu. Nakusikia."

Jikoni sufuria ilimponyoka dada, ikaanguka kwa kishindo. Kaka yake hakugeuka. Dada akamkimbilia, akamwita kwenye sikio la kulia, lile zima. Akapiga kelele. Kaka hakupepesa jicho.

Daktari alilimulika sikio lile la kulia, akalipima, akasema ni zima kabisa.

Dada akakirudisha kikasha dukani. Hazikupita siku nyingi bosi akampigia.

"Dada, mzigo umefika, vyote viwili vimo. Lakini nikiviunganisha na simu, inaniandikia cha kushoto kimo sikioni. Nacho kiko hapa mezani, nakiona. Hebu muulize kaka yako, na kwake kilifanya hivyo?"

Dada aliishusha simu. Alikuwa akitazama kochi. Kaka yake alikuwa ameketi upande wake wa siku zote, kichwa amekiinamisha kushoto, akikitikisa kama anayeambiwa jambo refu. Kisha akacheka kidogo.

Pembeni yake hapakuwa na mtu. Mto ulikuwa umebonyea.