Mkono wa Serikali

"Tisa, uko wapi?"

"Nyuma ya Fuso."

"Lipi?"

"La machungwa."

Redio ya Motorola ilikoroma, kisha ikanyamaza. Mboni Uweso, ambaye redioni jina lake ni Tisa, alikanyaga mafuta, Hilux ikaruka shimo, na goti lake la kushoto likamkumbusha kwamba kazi hii ina wenyewe. Umri wake ulikuwa umebakiza kidogo kufika wa kustaafu. Goti lilikuwa limeshatangulia.

Fuso lilikuwa mbele, limesheheni machungwa ya Maramba, likitimua vumbi jekundu kuelekea mpaka wa Horohoro. Ndani ya machungwa yale kulikuwa na sanduku. Lilikuwa limeibwa alfajiri kwenye ghala la vifaa vya uchaguzi huko Pongwe, na ndani yake mlikuwa na karatasi za kura zenye swali moja tu.

Je, wananchi wa Mwanyamba wanakubali ufukwe wao upewe kampuni ya Orvelle ijenge matangi ya mafuta?

Ndiyo au hapana. Kura ilikuwa Jumapili, pamoja na ya madiwani.

Swali lile halikuota lenyewe. Bi Khadija, mkulima wa mwani, ndiye aliyelihangaikia. Kanuni zilidai robo ya kijiji iweke dole gumba kabla swali halijaingizwa kwenye kura, naye akapita mlango kwa mlango mpaka robo ikatimia. Asubuhi ile Mboni alimkuta nje ya ghala. Alikuwa amekuja kama shahidi wa kijiji kulisindikiza sanduku, na sasa hakuwa na cha kusindikiza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi kizee alikuwa halii. Ingekuwa afadhali angelia. "Lisipoulizwa Jumapili, siye hatuna tena pa kusemea. Mwani wangu uko pale. Mume wangu kazikwa pale."

Mboni hakumwahidi kitu. Alikuwa ameahidi watu wengi katika kazi hii, na ahadi zile bado zilikuwa zikimnyima usingizi.

Kilichomsumbua njia nzima ni hiki: kwa nini mpakani? Mwenye kuchukia karatasi huzichoma. Lakini zikichomwa, nyingine zingechapwa kabla ya Jumapili. Kanuni zilisema hivyo. Mwizi akivunja lakiri, ule muhuri unaofunga sanduku, karatasi huchapwa upya na swali linabaki palepale.

Ila mtumishi wa serikali akiivunja kabla ya siku ya kura, kwa sababu yoyote ile, swali linaondolewa. Haliulizwi tena mpaka miaka mitano ipite.

Kanuni hiyo iliandikwa kuwalinda wananchi dhidi ya serikali yao. Wananchi hawakuiamini serikali, na Mboni, aliyeitumikia maisha yake yote, hakuwalaumu.

Na Horohoro, hakuna mzigo unaovuka bila kufunguliwa.

Walioiba hawakutaka kulificha sanduku. Walitaka lionekane. Walihitaji tu ofisa mwaminifu mwenye kisu.

Redio ikakoroma tena. Alikuwa Soud, mkuu wake wa Idara ya Usalama, akiongea kutoka ofisini Tanga penye kiyoyozi.

"Likamate. Fungua, hakikisha karatasi zimo."

"Sifungui."

"Hiyo ni amri, Tisa."

"Mimi pia ni mtumishi wa serikali, Soud. Nikifungua, wameshinda."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui."

Akaizima.

Prado nyeusi ilitokea nyuma bila honi. Iligonga ubavu wa Hilux mara moja, ikarudia, na mara ya pili Mboni akajikuta ndani ya shamba la mkonge, majani yakichana rangi ya gari pande zote mbili. Taa moja ilipasuka. Prado ikapita. Alikaa kidogo akiwa ameshika usukani, akihema, akiwaza jinsi ambavyo angeweza kuwa nyumbani anachambua mchele. Kisha akaweka gia ya nyuma.

Alipofika Horohoro, kisu kilikuwa kimeshatoka.

Gunia lililofichwa sanduku lilikuwa juu ya meza, limeshindiliwa majani makavu na kuzungushiwa utepe wa plastiki, halitambuliki lina nini. Ofisa wa forodha, kijana nadhifu mwenye kibandiko cha jina, Luka, alikuwa akitafuta pa kuanzia kukata. Hatua chache pembeni, karibu na Prado iliyobonyea, alisimama Bryson, wakili wa Orvelle, ameinua Samsung yake anarekodi. Mboni alimfahamu. Alikuwa ameishinda serikali mahakamani mara nyingi. Safari hii alitaka ijishinde yenyewe.

Angemwambia Luka ukweli? Luka angempigia mkubwa wake, na mkubwa wake angempigia wake, na mmoja wao huko juu angesema kama Soud: fungua uhakikishe.

Mboni alijitanda kanga, akachukua kikapu chake cha mchicha, akashuka akichechemea.

"Machungwa ya nani haya?"

"Yangu, bibiye." Mfanyabiashara Yakoub, Mpemba aliyehamia Maramba, alijitokeza nyuma ya Fuso.

"Nayataka yote."

Yakoub alitaja bei ya Mombasa. Mboni alikuwa tayari kuilipa hata mara mbili, lakini mwanamke wa Tanga anayekubali bei ya kwanza ama ana wazimu ama ana jambo. Kwa hiyo alibisha. Alisema machungwa ni madogo. Alisema ana arusi ya watu wengi na mkononi hana kitu. Huku anabisha, jicho lake lilikuwa kwenye ncha ya kisu, ambayo ilikuwa imeshagusa plastiki.

"Mwanangu," alimgeukia Luka kwa sauti ya kuchoka, na uchovu ule haukuwa wa kuigiza. "Umeshagonga muhuri?"

"Bado, mama."

"Basi ngoja kidogo. Mali inabadili mwenyewe, na mie sivuki mpaka. Gari linageuza."

Kisu kilisimama. Yakoub alipunguza. Mboni akalipa kwa simu ya Idara, na Soud angeeleza mwenyewe machungwa yale yalikuwa ya nini.

"Mzigo usiotoka haunihusu," alisema Luka, akakikunja kisu.

Bryson akashusha simu. "Ofisa, sheria inasema kila mzigo ufunguliwe."

"Kila mzigo unaovuka, wakili."

"Lile sanduku lina kitu cha hatari. Fungua."

Luka alilitazama gunia. Alilitazama kwa makini.

"Sanduku gani? Mimi naona gunia."

Bryson akarudi nyuma hatua moja kuelekea Prado.

Yakoub akaikazia macho Prado. "Hilo gari ndilo. Dereva wake ndo alonipa mzigo huu, kanambia nimfikishie nduguye Mombasa. Mie ntu akinambia nifikishie, sikatai. Wala siulizi kuna nini."

Mkono wa Bryson uliingia ndani ya koti. Lakini Mboni alikuwa ameshamsogelea; bastola yake, Glock, ilikuwa imeshatoka chini ya mchicha, imemgusa ubavuni.

"Taratibu, wakili," Mboni alimnong'oneza. "Nimechoka mno leo."

Mboni alionyesha kitambulisho, na polisi wa mpakani wakamchukua Bryson na dereva wake. Yakoub mwenyewe alilipakia gunia na kuligeuza Fuso, na Mboni akalisindikiza nyuma hadi Pongwe. Hakuligusa hata kwa kidole. Katika maisha yake alikuwa amefungua barua za watu, mikoba ya watu, milango ya watu. Hakukumbuka lini aliwahi kuacha kitu kimefungwa.

Jumapili asubuhi, Mwanyamba, Bi Khadija aliivunja lakiri mbele ya kijiji. Vidole vyake vilivyokwanguliwa na kamba za mwani viliteleza, ikambidi ajaribu mara mbili. Hakuna aliyemsaidia. Foleni ikaanza kusogea.

Baadaye alimfuata Mboni, aliyekuwa amesimama mbali, kando ya Fuso.

"Machungwa yote haya, hata moja hunipi?"

"Kesho, mama. Leo itakuwa rushwa, watawafutia kura."

Bi kizee akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akauliza kama hatangoja kujua watu wamesemaje.

"Mie nilileta swali tu," alisema Mboni. "Jibu ni lenu."

Akamwachia funguo za Fuso, ambazo Yakoub alimwazima mpaka machungwa yashushwe, akachechemea hadi kwenye Hilux yake yenye taa moja, akaondoka.