Nilimwambia Avumilie, Kumbe Nilikuwa Nangojea Mistari Ikutane

Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile ya kupiga mabati mpaka watu wa nyumba moja wanaitana kwa kupaza sauti. Hakuna mteja aliyekuja. Basi nimechukua kalamu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, fundi wa kushona hapa mtaani Kamalondo. Nilisoma mpaka darasa la sita kwa masista, nikikosea mnisamehe. Sijui hata kama mambo haya ni ya kuandikwa... Lakini nimeyafunga moyoni muda mrefu, na yananila.

Kaka yangu Faustin alipokufa aliniachia binti yake, Ornella. Kwetu shangazi ni baba wa kike. Kwa hiyo Guylain, mchuuzi wa mahindi na samaki kule Kasomeno, alipokuja kumwoa Ornella, mali ya ndoa, yaani mahari, iliwekwa mikononi mwangu. Na aliitoa yote, bila kubishana. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli.

Mali ile hailiwi haraka. Kila mtu wa kwetu anajua. Ndoa ikiharibika, jamaa wa mwanamke wanairudisha mbele ya watu, ndipo binti anakuwa huru. Ni mlango wake wa kurudi nyumbani. Nilijua! Siwezi kusema sikujua.

Nilikuwa na mteja, mwalimu wa hesabu, tumwite Célestin. Siku moja, akingojea nimalizie suruali yake, alinionyesha kwenye simu bei ya hisa za kampuni moja inayochimba shaba upande wetu huu, ingawa hisa zenyewe zinauzwa nchi za mbali. Alinionyesha mistari miwili. Mmoja unafuata wastani wa bei ya siku hamsini, mwingine wa siku mia mbili. Ule wa siku hamsini, mfupi, ukipanda juu ya mrefu, ni signal, ishara ya kununua. Ukishuka chini yake, ni ya kuuza.

"Lakini Mama Georgine, signal haiko Injili," alinionya. "Iko sawa na mwanaume wa Kamalondo. Anasema anakuja, hasemi saa, na siku ingine hakuji!"

Nilicheka sana. Laiti ningesikia!

Mimi ni fundi. Maisha yangu yote nimepiga chaki kwenye kitambaa, na mahali chaki imepita ndipo makasi inapita. Kitambaa hakijawahi kunibishia. Nilipoona mistari ile nikajisemea: hii kazi naijua! Nikaanza kuichora mwenyewe kwenye karatasi za kukatia, kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Sikuelewa kwamba pale sokoni mambo yanakwenda kinyume. Bei inakata kwanza, chaki inafuata nyuma...

Mistari ilipokutana, nilimpa Célestin mali ya Ornella aninunulie hisa. Sikumwambia ni mali ya nani. Yeye hana kosa.

Majuma ya kwanza bei ilipanda. Nilijiona mwenye akili, mimi wa darasa la sita! Niliwaza nitamwongezea mtoto kitu siku moja. Niliwaza vizuri... au nilijidanganya? Hata leo sijui.

Halafu bei ikaanza kushuka. Mstari mfupi ukapita chini ya ule mrefu. Signal ya kuuza ilikuwa wazi, niliichora kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuuza. Ile ya kununua niliiamini siku moja. Ile ya kuuza nilisema imekosea.

Ni wakati ule Ornella alikuja mara ya kwanza. Alikuwa na kitambaa kichwani mpaka kwenye jicho. Alipokifungua, niliona mahali Guylain alipompiga.

"Tantine, mubarudishie mali yabo," aliniambia mimi shangazi yake, niwarudishie watu wa Guylain mali yao. "Miye sirudie kule."

Mngemjibu nini, ninyi? Mimi nilimjibu kwamba ndoa ni kuvumilia. Nilimtajia marehemu bibi yangu aliyevumilia miaka arobaini. Nilisema maneno mazuri kabisa, kama ya padri! Na wakati ule wote nilikuwa nahesabu kichwani: bei itapanda kidogo kidogo, mistari itakutana tena, nitauza, nitarudisha mali, hakuna atakayejua...

Alirudi Kasomeno.

Mtaniuliza: Georgine, si ulikuwa na mashine zako mbili za kushona? Ndiyo, nilikuwa nazo. Ningeziuza, pamoja na hisa zilizobaki, mali ingetimia. Lakini jamaa wangeuliza kwa nini nauza mashine. Niliogopa aibu. Jicho la yule mtoto lilikuwa limevimba, na mimi niliogopa aibu.

Mara ya pili alikuja baada ya miezi miwili, amekonda. Siku ileile mistari ilikuwa imekutana, signal ya kununua, safi kabisa. Moyo wangu uliruka.

"Nipe wiki mbili tu, mwanangu."

"Wiki mbili za nini, Tantine?"

Niligeukia mashine yangu. Aliniangalia, kisha akachukua begi lake. Kuna kitu alitaka kuniambia, nadhani, kisha akakiacha.

Siku ile nilimuungamia Célestin mali ilikuwa ya nani. Alishika kichwa.

"Mama, uzisha leo! Ile yenye inabakia, beba. Ingine tutatafuta."

Nilikataa kuuza. Nilimwonyesha karatasi zangu. Nilimfundisha mwalimu wangu!

Siku ya tisa ya zile wiki mbili, habari zikaja kwamba maji yameingia katika mgodi wa kampuni ile na kazi imesimama. Bei ilianguka asubuhi moja tu. Hakuna mstari ulioonya. Ungeonyaje? Mistari haiteremki mgodini.

Siku ya kumi na moja simu ililia. Alikuwa jirani wa Ornella kule Kasomeno.

"Mama, mutoto wenu iko ku hospitali. Mukuje mbio."

Ornella alikuwa na mimba ya miezi minne. Ndilo neno aliloliacha bila kuniambia siku ile. Guylain alimsukuma, akaangukia ngazi ya saruji. Mtoto hakubaki.

Guylain nilimkuta nje ya hospitali akilia, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Simsafishi. Mkono ulikuwa wake. Lakini mlango niliufunga mimi.

Niliuza mashine zote mbili, nikauza hisa kwa bei ya majivu, Célestin akaongeza sehemu bila mimi kumwomba. Jamaa wa pande zote mbili wakakaa. Niliungama mbele yao, kisha nikaweka mali mezani. Ilitimia. Ornella aliiangalia, akaniangalia mimi, akasema polepole:

"Tantine, kumbe iliwezekana..."

Ni hayo tu. Hakutukana. Afadhali angenitukana!

Ndugu zangu, siwakatazi kujifunza mistari ile. Wapo wanaoijua, na hawadanganyi. Lakini kitu ulichowekewa kwa ajili ya mtu mwingine usikipeleke mahali ambapo lazima ungoje. Siku yeye atakapokihitaji, haitakuwa siku ya soko. Na ukisikia mdomo wako unamwambia mtu avumilie, jiulize kwanza: ni yeye anayefaidi uvumilivu ule, au ni wewe? Nawasihi. Mimi sikujiuliza.

Sasa nashona kwa mashine ya kukodi. Ornella anaishi hapa kwangu, hana kwingine. Ananisalimia asubuhi, anafagia, anachota maji. Basi.

Jioni hii tumekula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, na samaki wakavu kidogo. Ornella ndiye aliyepika. Alinitengea mimi kwanza, kwa heshima, kisha akabeba chakula chake akaenda kukila chumbani, mlango umefungwa.