Mbuzi Ishirini wa Bisil

Probox nyeupe ilipita Isinya kwa kasi ikishika barabara ya Namanga, na Nalianya akakanyaga mafuta.

Subaru Forester yake ikanguruma.

"Nyati, hapa Kituo," sauti ya Beverlyne ikasema sikioni mwake. "Nipe hali."

"Namfuata."

"Nani?"

"Gakuru."

Beverlyne alikuwa mkuu wake idarani kwa miaka sita, na alimjua kuliko alivyotaka kujulikana.

"Agizo lilisema lori, Nyati. Bunduki moja imevuka mpaka, inapitia soko la Bisil, inafika Kitengela kabla ya saa sita mchana. Nani amesema Probox?"

"Mimi."

Haya, ukweli wenyewe ni huu: ndani ya Probox ile alikaa Shirleen.

Shirleen alikuwa mke wa Nalianya mpaka Februari. Aliondoka na masanduku mawili, akisema amechoka kuolewa na mwuza bima asiyelala nyumbani. Bima! Na jasusi angemwambia nini zaidi? Sasa alikuwa na Gakuru, kiongozi wa maandamano ambayo, kwa wiki ya tatu, vijana waliyaita mapinduzi. Leo saa sita Gakuru angesimama juu ya pikapu mjini Kitengela kuhutubia maelfu. Walanguzi wa silaha kutoka ng'ambo walitaka afe pale pale, hadharani, ili umati ulaumu polisi, damu imwagike, nao wapate vita vya kuuzia bunduki.

Na Nalianya, mtu mzima na akili zake, alikuwa amejishawishi kwamba Gakuru mwenyewe ndiye anaenda kuichukua hiyo bunduki. Mtu ajiletee risasi yake? Wapi! Lakini wivu ulikuwa umemshika, na akili ameiacha Kitengela.

Saa nne na nusu. Bisil. Siku ya soko.

Gakuru alishuka, akaenda kwa mbuzi. Akachagua wawili wa kulisha waandamanaji. Basi. Hicho tu ndicho kilichomleta.

Shirleen alisimama kando yake akicheka kile kicheko cha kutupa kichwa nyuma, kicheko ambacho Nalianya alidhani ni chake peke yake. Kisha akatoa leso, akampangusa Gakuru vumbi shavuni.

"Mimi hata siku moja," Nalianya akanung'unika. "Hata siku moja!"

Saa yake ya mkononi ilikuwa na kamera ya siri. Alipiga picha nane. Zote za Shirleen.

Nyuma yake lori la Isuzu lenye turubai la bluu lilitoka sokoni na kushika njia ya Kajiado. Hakuligeukia.

Probox ikaondoka. Mtu akagonga kioo cha Subaru.

"Sopa, Nalianya."

"Ipa, Kuntai."

Kuntai alikuwa dalali wa mbuzi, na pia jicho la idara pale Bisil. Alikuwa amekasirika.

"Umeona hiyo lori ya bluu?"

"Lori gani?"

"Wee! Imepita hapa nyuma yako! Unaangalia nini?" Kuntai akaegemea mlango. "Dereva yake amebeba mbuzi ishirini. Zote mama. Viwele vimejaa, maziwa inamwagika, na watoto wamebaki kwa boma wakilia. Nimemuuliza unapeleka wapi, akasema kichinjio. Kichinjio! Hakuna Mmaasai wa kutoa mama ananyonyesha akachinjwe. Na mnunuzi wa ukweli hawezi kumchukua, nyama iko wapi? Huyo amezitoa mahali na nguvu. Hajui mbuzi. Anataka tu kitu ya kufunika kitu."

Nalianya akageuka kutazama njia ya Kajiado.

Lori. Agizo lilisema lori.

Akawasha gari. Watu, pikipiki, ng'ombe, wote walipisha. Subaru ikaruka barabarani.

"Kituo, hapa Nyati. Isuzu, turubai la bluu, limebeba mbuzi. Mpigieni Gakuru asipande jukwaani."

"Simu zake zote amezima. Anatuogopa sisi."

"Wekeni kizuizi!"

"Njia ya kuingia mjini imejaa vijana. Wakiona polisi watawasha matairi. Ni wewe tu." Beverlyne akapumua. "Umechelewa kwa nini?"

Akakanyaga mafuta. Mita ilisoma mia na hamsini, mpaka foleni ya waandamanaji ikamzuia Isinya.

Saa sita kasoro dakika nne. Kitengela ilikuwa bahari ya bendera, filimbi na vuvuzela. Lori lilisimama kando ya kituo cha mafuta, mita mia mbili kutoka kwa pikapu. Dereva alikuwa amechuchumaa, anajifanya kubadilisha gurudumu.

Nalianya alichomoa kalamu yake ya umeme, akamgusa shingoni. Dereva akalala chini bila kusema kitu.

Matone meupe yalidondoka kutoka sakafu ya lori. Maziwa.

Akatoa Glock 17 yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Akapanda nyuma, akatambaa chini ya turubai. Mbuzi walilia kwa uchungu wa viwele, na kelele zao zikameza kelele zake.

Mbele kabisa mtu alilala kifudifudi. Mikononi bunduki ya Dragunov. Mdomo wa bunduki ulipenya katikati ya mbao.

Kupitia mwanya ule ule Nalianya alimwona Gakuru akipanda juu ya pikapu. Akamwona Shirleen akimshika mkono kumpandisha. Hakuuachilia.

Kidole cha mdunguaji kikagusa kifyatulio.

Angechelewa kidogo tu. Nani angejua? Lori, mbuzi, foleni. Angemfuta Shirleen machozi, na Shirleen angerudi nyumbani. Mungu amsamehe, aliliwaza lote, na likamvutia.

Moja. Mbili. Tatu.

Kisha Shirleen akasogea mbele ya Gakuru kumrekebishia kipaza sauti.

Phut!

Bega la mdunguaji likapasuka. Dragunov ikaanguka kwenye mavi ya mbuzi. Nalianya akamkalia mgongoni, akamfunga pingu.

"Kituo. Kifurushi kimefungwa. Leteni gari, polepole."

"Gakuru?"

"Mzima."

"Nilikusikia ukihema, Nyati. Sekunde tatu nzima kabla ya kupiga. Kulikuwa na nini?"

"Mbuzi walikuwa njiani."



"Sawa," Beverlyne akasema. "Nitaandika mbuzi."

Nalianya alishuka, akajipangusa. Alikuwa akipenya umati alipoitwa.

"Nalianya? Ni wewe?" Shirleen alikuwa ameshuka kuchukua maji. "Umenifuata mpaka hapa?"

"Nilikuwa napita."

"Tuliona gari yako Bisil. Gakuru akasema tukuache tu, labda uko na mteja." Akamkagua kutoka kichwa hadi viatu. "Na unanuka mbuzi! Ai, jamani. Ungekuwa unanitafuta hivi tukiwa pamoja, si singeenda?"

Nalianya akatoa unyoya wa mbuzi kwenye kola yake.

"Shirleen!" Gakuru aliita kutoka juu ya pikapu, mzima, jasho likimtiririka. "Kuja!"

"Enda," Nalianya akasema. "Anakungoja."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatia mikono mifukoni, akaondoka bila haraka katikati ya watu walioimba jina la Gakuru.