Huzuni ya Kuazima

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuosha vyombo, Chiriku alikwenda kwenye karakana ya baba yake, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kupiga gitaa. Baba yake alikuwa fundi friji. Alifanya kazi kichwa kikiwa nyuma ya friji na miguu ikiwa nje, huku akipiga mluzi. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa kuwa mtoto huyo alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hakuwahi kunyamaza.

"Mwanangu, wiki ya tatu hii nasikia nyuzi tu," baba alisema siku moja kutoka nyuma ya friji. "Maneno ya wimbo yako wapi?"

"Bado sijayamaliza, baba."

Huo ulikuwa uongo. Maneno yalikwisha zamani, na hapo ndipo palipokuwa na balaa lote.

Chiriku alikuwa mwimbaji wa Mawingu ya Jumatatu, bendi ya wanafunzi wanne iliyopiga roki ya majonzi. Ni muziki ambao gitaa hulia, mwimbaji naye hulia, na nywele sharti zifunike jicho moja. Mama mmoja mkodishaji wa vyombo vya muziki, aliyeitwa Mama Spika mji mzima, alikuwa akiandaa tamasha la mchana kwa bendi ndogo zinazojitegemea. Sharti lake lilikuwa moja: kila bendi iimbe wimbo wake yenyewe, uliotoka katika maisha yao.

Siku ya mchujo, kijana mmoja aliimba kuhusu kaka yake aliyelazwa hospitalini, na watu kadhaa wakafuta machozi. Kisha Mama Spika akamgeukia Chiriku, aliyekuwa ametunga na kuimba wimbo wa baba aliyeondoka nyumbani. "Na wewe, wimbo wako umetoka wapi?"

Chiriku alipekua maisha yake yote ya miaka kumi na mitatu. Baba anapiga mluzi, mama anacheka, chakula kipo. Msiba mkubwa aliowahi kuupata ni kung'oka jino, na nani atatungia jino wimbo? Basi akainamisha kichwa, akasema, "Baba yangu alituacha nikiwa na miaka sita." Bendi yao ikapita hapo hapo.

Jioni ile aliongozana na mpiga ngoma wao, msichana mgeni mjini aliyesoma shule nyingine na ambaye hakuwahi kufika kwao. Walimwita Radi kwa kishindo cha ngoma zake, si kwa maneno, maana mdomo wake ulikuwa mzito. Walipofika njia panda, Radi alisimama.

"Baba yangu naye aliondoka, nikiwa na miaka saba," alisema. "Alituambia anakwenda kununua betri za redio. Sijawahi kumwambia mtu."

Badala ya kusema kweli, Chiriku alimshika bega. Tangu siku hiyo Radi alimtafuta kila baada ya mazoezi amsimulie mengine kidogo, na kila mara Chiriku alirudi nyumbani amejaa aibu. Alimpenda sana Radi, na aliogopa kwamba akisema kweli atampoteza.

Siku mbili kabla ya tamasha, baba aliingia jikoni akitabasamu. "Jumamosi nafunga karakana. Nakuja kumsikiliza mwanangu."

"Baba, ni kwa vijana tu."

"Nimelisoma bango pale kwa kinyozi. Limeandikwa watu wa rika zote. Au mimi sina rika?"

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Chiriku alijaribu kucheka pia, kisha akasukuma sahani yake kando.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Walikuwepo watoto wa kubebwa, vijana wenye jicho moja wazi, na bibi mmoja aliyejaza pamba masikioni lakini akatikisa mguu kila ngoma ilipolia. Baba aliketi safu ya mbele, shati lake la bluu limenyooshwa kwa pasi. Mama alikuwa kwenye zamu ya kazi.

Nyuma ya pazia, Radi alikuwa akikaza ngozi za ngoma. "Leo nitapiga kwa ajili yetu sote wawili," alimwambia Chiriku. "Wengine hawajui, lakini sisi tunajua."

Chiriku hakuweza kuvumilia tena. "Radi, mimi sijui. Baba yangu hakuondoka. Yule pale, mwenye shati la bluu. Nilidanganya ili tuchaguliwe."

Radi alichungulia, akamtazama yule baba. "Nilikueleza habari za betri," alisema polepole. "Hata dada yangu sijawahi kumwambia."

"Najua. Nisamehe. Nakwenda kumwambia Mama Spika, hata kama atatuondoa."

Mama Spika alikuwa amepiga magoti akiunganisha nyaya. Alimsikiliza Chiriku bila kuinua kichwa. "Kwenye jukwaa langu hauimbwi uongo," alisema. "Hamna wimbo mwingine? Basi mkae na watazamaji."

"Wimbo ni wa kweli," sauti ilisema nyuma yao. Radi alikuwa amesimama, fimbo za ngoma mkononi. "Mwenye mambo hayo ni mimi. Nitauimba mimi. Lakini yeye awaambie watu kwa nini."

Mama Spika aliwatazama wote wawili, akakubali.

Zamu yao ilipofika, Chiriku alitangulia jukwaani. Alisogea kwenye maikrofoni. "Nilisema wimbo huu ni wangu," alianza. "Nilidanganya. Baba yangu hakutuacha. Ameketi mbele yenu." Baba, aliyekuwa ameinua mkono kumpungia, aliushusha taratibu. "Wimbo ni wa rafiki yangu. Ataimba yeye."

Radi aliimba akiwa nyuma ya ngoma zake. Sauti yake ilikwaruza na mara mbili ilikatika, lakini aliimba mpaka mwisho. Chiriku alipiga gitaa pembeni bila kufungua mdomo. Wimbo ulipokwisha, bibi wa pamba alikuwa amezitoa zote mbili na anapiga makofi amesimama.

Walipokuwa wakipakia vyombo nje, baba alikuja. "Kumbe niliwaacha," alisema. "Ungenidokeza mapema, nifungashe hata shati moja."

"Nisamehe, baba." Machozi yalimtoka.

"Nimeumia, sikufichi. Lakini nimekuona ukisema kweli mbele ya watu mia mbili, na hilo limenipoza." Akamgeukia Radi, akampa mkono kama anavyompa fundi mwenzake. "Umeimba vizuri, mwanangu."

"Ahsante, baba," Radi alijibu. Kisha akamtazama Chiriku. "Bado nimekasirika. Jumatano mazoezi saa kumi. Usichelewe."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, na kwa furaha akabeba ngoma kubwa peke yake, ingawa ilimlemea.

Baba aliishika upande wa pili. "Kuwa na raha si kosa, Chiriku," alisema wakitembea. "Huna huzuni, imba raha yako. Ukivaa msiba wa mwenzio kwa kujipamba, yeye akilia kweli, nani atamwamini?"