Konokono Asiye na Mlango

Mwaka 1993, wanawake wa Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, walikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Biashara ilikuwa imeachiwa huru. Magari ya watu binafsi yalishuka kutoka Mbinga mara mbili kwa wiki kutafuta samaki, na kila mnunuzi aliondoka akiuliza, "Mtakuwa na wengine lini?"

Ottilia alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mumewe, Jastin, alivua. Yeye alitumbua samaki, akawaosha na kuwabanika. Kila asubuhi aliketi na wenzake kwenye mawe ya ufukweni, mahali pa wazi panapopigwa na mawimbi. Visu vilikwenda haraka, na midomo nayo haikubaki nyuma. Matumbo ya samaki, mbufu na mbasa, yalitupwa majini.

Jumanne moja binti yake Luisa, mwenye miaka kumi na mmoja, alimfuata pale pale. Akamnong'oneza sikioni.

"Mama, nakojoa damu."

Ottilia aliweka kisu chini. "Tangu lini?"

"Hii wiki ya pili. Na rafiki yangu Tereza pia. Tuliogopa kusema."

Jioni Ottilia alimweleza mumewe. Jastin alitikisa kichwa. "Hicho ni kichocho. Sisi sote tulikojoa hivyo utotoni. Kinaisha chenyewe."

"Na wewe kilikwisha lini?" Ottilia aliuliza.

Jastin akavuta wavu wake, akaanza kuushona. Ottilia alijua kwamba mumewe bado anakojoa damu, na Jastin alijua kwamba mkewe anajua.

Alhamisi, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kilian, aliitisha mkutano. Habari za watoto zilikuwa zimemfikia.

"Kichocho kinaletwa na konokono," alisema. "Na konokono wa ziwani wameongezeka. Nani anawalisha? Ni matumbo ya samaki. Basi, kuanzia Jumatatu ni marufuku kutumbua samaki ufukweni."

Wanawake walitazamana. Kupandisha samaki na maji hadi majumbani, juu mlimani, kungewachukua nusu siku, na samaki hasubiri. Kazi yao ingekufa. Ottilia alisimama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Luisa. Sema."

"Nauliza tu. Kuna mtu hapa aliyewahi kuwaona konokono hao wakila matumbo?"

Watu walicheka. Mzee Kilian hakucheka. Alifikiri, kisha akasema, "Mimi sijawaona."

"Basi nipe hadi Jumapili, watu wakitoka kanisani, nikuonyeshe wanakula nini. Nikishindwa, sitashika kisu tena pale kwenye mawe."

"Haya. Hadi Jumapili."

Kesho yake alfajiri, Ottilia na Luisa walikwenda kwenye kituo cha afya. Mtumishi wa maabara aliitwa Getrude, mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka. Alipokea mkojo wa Luisa, akauweka chini ya hadubini, ile mashine inayokuza vitu vidogo. Baada ya muda akamvuta Ottilia kwa mkono.

"Njoo uone mwenyewe, dada."

Ottilia aliinama. Mwanzoni aliona ukungu tu. Kisha kitu kikajitokeza wazi, kama mbegu ndogo ya tikiti, na nyuma yake mwiba mmoja mkali.

"Hilo ni yai la mnyoo wa kichocho," Getrude alisema. "Mwiba huo ndio unaokwaruza kibofu mpaka damu inatoka. Mtu akikojoa ziwani, yai linaanguliwa. Kinachotoka humo kinamtafuta konokono na kuingia mwilini mwake. Humo kinazaliana. Halafu vinyoo vinatoka kwa maelfu, vinatafuta ngozi ya mtu aliye majini. Vinaipenya, wala hahisi kitu."

"Kwa hiyo mwenyekiti alisema kweli. Ni konokono."

"Konokono yupi? Wewe ukisema samaki, unamaanisha mbufu au usipa?"

Ottilia alitabasamu. Hilo alilielewa mara moja.

"Konokono nao wana koo zao," Getrude aliendelea. "Mimi nimekulia Mtwara, baharini. Kule kuna ukoo mmoja wa konokono wadogo kama ncha ya kidole. Wanajifukia mchangani, wanatoa mrija mmoja tu, kama mkonga wa tembo, wananusa maji. Samaki aliyekufa akianguka, wanachomoka mchangani na kumjia kutoka pande zote. Wanakula mizoga. Ndio wafagiaji wa ufukwe wa kule, na hawana habari na kichocho. Lakini konokono wa kichocho si wa ukoo huo. Huyu anaishi kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, yaliyotulia. Anakula utelezi wa kijani na majani yanayooza."

Ottilia aligeuka kutoka kwenye hadubini. "Basi tunaweza kumtega. Tuweke matumbo na majani, tuone nani anakuja kula nini."

Getrude alifungua daftari lake. "Nitakuja kesho. Niandalie vikapu vinne."

Luisa alipewa vidonge kulingana na uzito wake, akavimeza baada ya kula. Njiani kurudi nyumbani Ottilia alitembea haraka mno, mpaka mtoto akamwomba apunguze mwendo.

Jumamosi mchana, Jastin aliwapakia Ottilia na Getrude kwenye mtumbwi wake. Walishusha vikapu kwa kamba ili mtu yeyote asiingie majini. Viwili waliviteremsha kando ya mawe, kimoja kikiwa na matumbo, kingine majani ya mgomba yaliyoanza kuoza. Viwili vingine wakaviteremsha kwenye kihori, ghuba ndogo iliyojaa matete, mahali watoto walipopenda kuogelea kwa sababu maji yake yalitulia na kupata joto. Nyuma ya matete palinuka mkojo. Hata watu wazima walijificha humo.

Jumapili baada ya ibada, kijiji kizima kiliteremka ufukweni kikiwa bado na nguo za kanisani. Getrude alivaa glavu. Jastin alivuta kamba ya kwanza.

Kikapu cha matumbo kutoka kwenye mawe kilikuwa na kaa watano na konokono wawili warefu, wembamba kama misumari. Kikapu cha majani kilikuwa na konokono mmoja mkubwa wa mviringo. Katika matete, kikapu cha matumbo hakikuwa na konokono hata mmoja. Kikapu cha majani kilipopanda, watu walisogea mbele. Chini ya majani walikuwa wamejishikiza konokono wadogo kumi na mmoja.

"Konokono ni konokono," mtu mmoja alisema.

"Hapana," Getrude alisema. "Mshike kwa koleo, ncha juu, mdomo wa gamba ukutazame. Hawa wembamba mdomo uko upande wako wa kulia. Hawa wadogo uko kushoto."

Mzee Kilian alimnyooshea kidole yule mkubwa wa kwenye mawe. "Na huyu je? Mdomo wake uko kushoto vilevile. Katoka mnakotumbulia samaki."

Ottilia alimtazama Getrude, lakini Getrude alimpa jozi ya glavu. Alitaka yeye ndiye ajibu. Ottilia akavaa glavu, akamshika yule mkubwa, akamgeuza taratibu. Kisha akamshika mmoja wa wale wadogo na kumgeuza pia. Akawatazama zamu kwa zamu.

"Mwenyekiti, tazama hapa mdomoni," alisema. "Huyu mkubwa amejifungia. Ana kibamba kigumu, kama mlango. Na wale wembamba wanao. Lakini huyu mdogo yuko wazi. Hana mlango."

"Ndiyo alama," Getrude alisema. "Wa kichocho mdomo wake uko kushoto, na hana mlango. Vyote viwili kwa pamoja."

Bado Mzee Kilian alitaka kuona zaidi. Getrude aliwatia wale kumi na mmoja kila mmoja katika glasi yake ya maji safi, akaziweka juani. Watu walisubiri. Saa tano ilifika, ikapita. Glasi ya kwanza haikuonyesha kitu, wala ya pili, wala ya tano. Kwenye ya nane, Ottilia aliweka kitambaa cheusi nyuma, akashusha pumzi.

"Vinacheza," alisema.

Vidoa vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi, vilipanda na kushuka majini. Glasi tatu zilizobaki hazikuwa na kitu. Getrude alichukua tone, akaliweka kwenye hadubini aliyokuja nayo. "Mkia una panda, umegawanyika ncha mbili. Ni vile vinyoo vyenyewe. Konokono wote wa aina hii hubeba maradhi wakiambukizwa, lakini leo ni huyu mmoja, na mmoja anatosha kuambukiza watoto wa shule nzima."

Wazazi walipanga mstari kutazama. Mzee Kilian alitazama mara mbili. Kisha akawageukia watu.

"Akina mama, endeleeni na kazi yenu kwenye mawe. Matumbo mfukie mashambani, yasilete nzi. Kosa halikuwa lenu. Kosa liko kwenye matete, na sote tumelifanya."

Wiki ile ile wanaume walivaa mabuti ya mpira wakafyeka matete. Kila nyumba ilichimba choo cha shimo. Watoto walikatazwa kuogelea kwenye kihori. Maji ya kuoga yalichotwa penye mawimbi, yakafunikwa kwenye mapipa siku mbili kabla ya kutumiwa, kwa sababu kinyoo kisichopata mtu hufa. Watoto wa shule walipimwa, na wenye mayai wakapewa vidonge. Jastin naye alipimwa. Alikutwa nayo, akameza dawa bila kubisha.

Getrude hakuwaficha ukweli. "Dawa inaua mnyoo uliomo. Haikuzuii kuupata mwingine. Kila miezi michache tegeni tena, hata penye mawimbi. Konokono huhama."

Baada ya miezi minne alirudi kupima. Kati ya watoto arobaini na mmoja, wawili tu walikutwa na mayai. Mkojo wa Luisa ulikuwa safi.

Siku chache baadaye, wanawake watatu wa kijiji jirani walifika kwa Ottilia kwa miguu. Mmoja wao, Emerensiana, alibeba kopo lenye konokono.

"Tumesikia wewe unawajua," alisema.

Ottilia alivaa glavu zake, akamwaga konokono kwenye ungo na kuanza kuwageuza mmoja mmoja. Wa tatu hakuwa na mlango, akamweka peke yake. Wa nne pia. Akasimama, akachukua vikapu vyake ukutani.

"Twendeni mnionyeshe mlipowatoa," alisema, naye alikuwa ameshatangulia mlangoni.