Hodi Nje ya Hema

Jua lilikuwa linazama tulipoanza kutafuta pa kulala. Mimi na mdogo wangu tulikuwa safarini kwa baiskeli, na kila jioni kazi yetu ilikuwa ile ile: kuingia shamba la mtu kimyakimya, kujificha, kulala, kuondoka mwenyewe hajaamka. Hatuwashi taa. Hatupiki. Tukiitwa, hatuitiki.

Siku ya kuondoka mama alinishika mkono. "Huyo ni kitinda mimba wangu. Nirudishie kama alivyo." Nilicheka. Kijana ana ndevu, analindwa kama yai!

Tulipiga hema kwenye shamba la miti, nyuma ya ukuta uliobomoka. Baiskeli tukazilaza kwenye majani. Nikafunga kamba kutoka gurudumu hadi mguuni kwangu, mwizi akizigusa nijue.

"Dada, hapa pananuka," mdogo wangu alinong'ona.

"Soksi zako hizo. Lala."

Lakini hazikuwa soksi. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi... nasi tulikuwa nje, penye upepo.

Giza likaingia. Wadudu wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha nikasikia majani makavu yakikanyagwa. Kwach... kwach... Hatua zikasimama mbele ya hema.

"Hodi..."

Sauti ya mtu mzima, yenye adabu, iliyochoka. Nilinyoosha mkono nimzibe mdogo wangu mdomo. Nilichelewa. Alikuwa nusu usingizini, na mama alitulea vizuri mno.

"Karibu," alisema.

Nilisubiri zipu ivutwe.

Zipu haikufunguliwa. Kamba haikutikisika. Lakini ile harufu sasa ilikuwa ndani, na kitu kiliketi katikati yetu, taratibu, kama mzee anayeumwa magoti. Niliogopa hata kumeza mate. Nilipapasa nikaupata mkono wa mdogo wangu. Ulikuwa wa baridi. Niliushikilia hadi kulipopambazuka.

Nilipotoka nje nilimkuta mlinzi wa shamba, mwanamke wa makamo, rungu mkononi. Nilijiandaa kutukanwa.

"Alipiga hodi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama."

"Mlinyamaza?"

Nilimwambia mdogo wangu aliitikia. Alishusha pumzi.

"Hapa palikuwa na nyumba. Mwenyewe alifia mlangoni, wa ndani wamegoma kumfungulia. Wanaonyamaza huwa wanaondoka salama."

"Na wanaojibu?"

Alitazama nyuma yangu, akageuka, akaenda zake haraka.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kwenye hema, miguu mitupu. Alikuwa anaokota majani mbele ya ule ukuta, moja moja, kama mtu anayesafisha uwanja wake.

"Twende," nikamwambia. "Panda baiskeli."

Aliniangalia kwa upole, bila kunitambua.

"Umelalaje, mgeni?"

Nilimvuta. Hakusogea hata kidogo, mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Nililia, nikamwita jina lake, nikampiga makofi. Alisubiri nimalize. Kisha akainua baiskeli yangu, moja tu, akaileta hadi miguuni pangu.

"Karibu tena," alisema, kwa ile sauti iliyochoka.

Sijaondoka eneo hili. Kila asubuhi narudi pale ukutani, naye kila asubuhi ananiuliza nimetokea wapi. Mama hupiga simu jioni. Namwambia mtoto amechoka, amelala.

Jana alisema, "Basi mwamshe, nimsikie sauti tu."