Kanuni ya Sekunde Tisini

Mfukuaji, mashine ya uokoaji, aliinua bamba la zege la tani nane kama mtu anayefunua sufuria ya wali. Mikono yake arobaini ya chuma ilipenya kwenye kifusi cha jengo lililoangushwa na tetemeko asubuhi ile, pale Ntyuka, Dodoma, na watu waliosimama nyuma ya kamba wakapiga makofi.

Injinia Nyamizi hakupiga. Mama yake, Bi Kalekwa, aliishi ghorofa ya tatu ya jengo hilo.

Ubongo wa mashine ulikuwa kazi ya Nyamizi. Kabla ya kusogeza chochote, Mfukuaji alichora picha ya kifusi chote na kukagua nini kitagongana na nini. Jiwe halina shida, umbo lake halibadiliki. Balaa ni vitu laini: godoro, pazia, mwili wa mtu. Vitu hivyo hujikunja, hubonyea, hata hujigusa vyenyewe, na kuvikagua vyote kulichukua saa nzima kwa kila bamba. Watu walikata roho wakisubiri hesabu. Ndipo alipobuni kanuni yake: kitu laini kisichotikisika kwa sekunde tisini kiachwe, kisikaguliwe tena mpaka kitikisike. Saa ikawa dakika moja. Akapewa nishani, mama yake akaitundika sebuleni.

Kufikia saa nne walikuwa wametolewa watu watatu hai. Mzee Mapunda, mlevi wa ghorofa ya pili, alitoka akimtukana mjenzi na ukoo wake wote. Wakafuata mapacha waliolia mpaka sauti zikawakauka. Wengine kumi na mmoja walitoka wamepondwa.

Lukelo, mwendesha mashine, alivua kofia. "Injinia, hawa kumi na mmoja wote walikuwa wamelala chali, mikono kifuani. Kama tunavyofundishwa."

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi king'ora kililia na mji mzima ukafanya zoezi: lala chali, usitikisike, tunza hewa, mashine itakuja. Mama yake Nyamizi alilifanya zoezi hilo kwenye zulia, huku binti akimsimamia.

"Nijikune pua tu, mwanangu."

"Hata pua usijikune, mama. Wewe tulia, Mfukuaji atakuona."

Walicheka sana siku ile.

"Si wanapumua lakini?" Lukelo aliuliza. "Kifua kinapanda na kushuka."

"Ni kidogo mno. Niliagiza mtikisiko mdogo hivyo usihesabiwe, maana hata pazia hupepea kiasi hicho." Alitazama skrini. Ghorofa ya tatu, chini ya godoro, kulikuwa na umbo la kijivu, rangi ya vilivyoachwa. Juu yake bamba lilikuwa linageuzwa. "Simamisha!"

"Limeshaachia upande mmoja, Injinia. Nikisimamisha linaanguka lote."

Nyamizi alinyakua kipaza sauti. "Mama! Ni mimi! Jitikise! Piga teke, jikune pua, fanya lolote, mama!"

Umbo lilibaki kijivu. Bamba likakaa mahali pake, taratibu, bila kugonga kitu chochote ambacho mashine ilikuwa inakihesabu.

Bi Kalekwa alitolewa saa sita, mikono kifuani. Nyamizi aliketi chini kwenye vumbi akalia waziwazi mbele ya watu.

Mzee Mapunda, amejifunika blanketi, alimsogelea. Pombe ilikuwa imemtoka.

"Nilikuwa namsikia kwa juu yangu," alisema. "Mimi napiga kelele, yeye ananigombeza. Ananiambia, 'Tulia, Mapunda, mashine ya mwanangu inakuja.'"